Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Kwenda na Wakati Katika Kazi ya Kuandika Programu

Nilianza kuandika programu enzi ambazo tovuti isiyo na Flash, teknolojia ya Adobe ya kuweka picha zinazosogea kwenye kurasa, ilionekana kama nyumba isiyopakwa rangi. Siku hizi sehemu ya kazi yangu ni kuwapokea madevelopa (waandishi wa programu) wapya, na kila kundi huja na maswali yaleyale, nusu yake yakiulizwa kwa sauti ya chini kama mtu anayeungama dhambi. Haya ndiyo majibu ninayowapa. Na tuelewane mapema: neno “kodi” humu ni maandishi ya programu, si ile ya nyumba wala ya serikali.

Ni kweli kwamba ninachokijua leo hakitakuwa na kazi baada ya miaka miwili?

Sehemu ndogo, ndiyo. Shida ni kwamba sehemu hiyo ndogo ndiyo yenye kelele.

Tuchukue jambo la kawaida kabisa. Mteja amebonyeza kitufe kwenye kivinjari, na orodha ya oda zake inatokea. Kitufe hicho leo huenda kimeandikwa kwa React, zana ya kujengea kurasa kwa JavaScript, lugha ya vivinjari, ambayo ilitolewa kwa umma mwaka 2013. Kabla yake kingeandikwa kwa AngularJS ya 2010, na kabla ya hapo kwa jQuery ya 2006. Hapo juu ndipo majina yanapopokezana.

Sasa shuka chini. Ombi linasafiri kwa HTTP, kanuni za mazungumzo ya tovuti, na maneno yake ya GET na POST ni yaleyale ya miaka ya 1990. Mara nyingi chini yake kuna TCP, kanuni za kufikisha data bila kupotea njiani, ambayo waraka wake wa Septemba 1981 ulikaa karibu miaka 41 kabla ya kupokewa na mwingine Agosti 2022, na huo mpya kwa sehemu kubwa ulikusanya mahali pamoja marekebisho yaliyokuwa yametawanyika. Upande wa pili kuna seva, kompyuta inayojibu, aghalabu yenye mfumo endeshi wa Linux, unaofuata mawazo ya mfumo wa Unix wa 1969. Seva inaiuliza hifadhidata kwa SQL, lugha ambayo Donald Chamberlin na Raymond Boyce wa IBM waliieleza mwaka 1974, wakijenga juu ya nadharia ya Edgar Codd ya 1970.

Halafu siku moja orodha ile inachukua sekunde nane kufunguka. Kabla hata sijaiona kodi, nina washukiwa wawili. Wa kwanza: jedwali halina faharasa kwenye safu ya mteja, kwa hiyo hifadhidata inapekua mstari mmoja mmoja. Wa pili: programu inachota oda zote kwa swali moja, kisha kwa kila oda inarudi tena kuuliza bidhaa zake. Oda 200, maswali 201. Huyu wa pili nimekutana naye kwenye PHP, nikamkuta kwenye Java, nikamkuta kwenye Python, na mwaka jana alinisubiri kwenye mradi wa JavaScript uliokuwa na zana za kisasa kuliko kitu chochote nilichowahi kugusa. Kila mara amebadilisha shati tu. Ukishamjua, unamtambua kwa mwendo.

Kwa hiyo ukiulizwa ujuzi wako una umri gani, uliza kwanza: ujuzi wa shati, au wa aliyelivaa?

Nitajuaje kitu kipya kipi kinastahili muda wangu?

Hili ndilo ninaloulizwa zaidi, na jibu langu huwaudhi wengine: amua kwanza ni vitu gani *hutavijua*.

Nina daftari. Ukurasa wake mmoja umeandikwa juu “Sijui, na ni sawa.” Kila jina jipya linaponikosesha usingizi ninaliandika pale, pamoja na tarehe na sababu ya kutojifunza sasa. Sababu lazima iwe sentensi kamili. “Sina muda” haikubaliki, maana kila mtu hana muda. “Hatuna tatizo ambalo kitu hiki kinalitatua” inakubalika. Kila baada ya miezi sita hivi naurudia ukurasa. Majina mengi yamekufa yenyewe. Machache bado yanatajwa, na yanatajwa na watu wanaolalamika kuyahusu, jambo ambalo kwangu ni dalili njema: watu hulalamikia vitu wanavyovitumia kwelikweli.

Kwa yale machache, ninajiuliza mambo matatu.

La kwanza, je, nimewahi kuumwa na tatizo hili mwenyewe? Docker, zana ya kufunga programu pamoja na kila inachokihitaji ili ifanye kazi vilevile popote, ilipotoka mwaka 2013, sikuhitaji kushawishiwa na mtu. Nilikuwa nimetoka kupoteza siku mbili nzima kwa sababu programu ilifanya kazi kwenye kompyuta yangu na kugoma kwenye seva, kumbe matoleo ya maktaba moja yalitofautiana kwa namba ya mwisho. Aliyewahi kuumwa na nyoka hahitaji hotuba kuhusu viatu vya buti.

La pili, nani anakitunza? Fungua historia ya mradi uangalie. Kama kazi yote imefanywa na mtu mmoja, na mara ya mwisho kugusa ilikuwa miezi minane iliyopita, basi unachojifunza ni zana pamoja na afya ya mtu huyo.

La tatu, kutoka kutanigharimu nini? Maktaba ya kupanga tarehe unaing'oa mchana mmoja. Fremuwaki, yaani kiunzi kilichobeba programu nzima, hung'oki nayo bila kuvunja ukuta. Waliojenga kwa AngularJS walilijua hili Septemba 2016, toleo la pili lilipokuja likiwa limeandikwa upya, kiasi kwamba kuhama kulikuwa karibu sawa na kuanza upya. Msaada wa lile la kwanza ulikoma mwisho wa 2021.

Na nikiwekeza miaka kwenye kitu kikafa?

Kilinipata. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa ya Flash: miaka minne ya ActionScript, lugha yake, nikiwa mtu anayeitwa kila menyu ikigoma kuteleza. iPhone ilitoka 2007 bila Flash, nikacheka. Aprili 2010 Steve Jobs wa Apple aliandika waraka wa wazi kueleza kwa nini haitaingia kwenye simu zake, nikakasirika. Sikuchukua hatua yoyote. Kampuni niliyokuwa nayo ilifunga kitengo chetu muda mfupi baadaye, na mimi nikabaki bingwa wa kitu ambacho hakuna aliyekitafuta. Adobe walitangaza Julai 2017 kwamba wanaizika, na siku ya mwisho ikawa 31 Desemba 2020. Mimi nilikuwa nimeshamaliza matanga zamani.

Nilichobaki nacho kilinishangaza. Nilijua kwa nini picha inayosogea hukwama pale kazi nzito inapofanywa kwenye uzi uleule (mfuatano mmoja wa kazi ndani ya programu) unaochora. Nilijua kusubiri tukio bila kuizuia programu nzima. Nilijua kutunza hali ya skrini isiyumbe mtumiaji anapobonyeza mara mbili kwa haraka. JavaScript ilipokuwa lugha yangu, yote hayo yalihamia kwa wiki chache; kilichonichukua muda ni majina na tabia za vivinjari.

Lakini kuna funzo kali zaidi ukiiweka Flash kando ya COBOL. COBOL, lugha ya programu za biashara, iliundwa 1959. Imetangaziwa kifo tangu kabla sijazaliwa. Na bado Aprili 2020, maombi ya mafao ya wasio na kazi yalipofurika, gavana wa New Jersey nchini Marekani, Phil Murphy, alisimama mbele ya waandishi wa habari akiomba watu wanaoijua wajitolee. Kwa nini kikongwe kinaishi na kijana anakufa? Flash ilikuwa mgeni ndani ya vivinjari vya watu wengine. Wenye nyumba walipofunga mlango, ikabaki nje. COBOL imebeba sheria za biashara ndani yake: jinsi riba inavyohesabiwa, nani anastahili malipo gani, na mambo ya pekee yaliyoongezwa na watu waliokwishastaafu. Hakuna anayeweza kuiondoa bila kuzijua sheria hizo, na zimeandikwa humohumo tu.

Kwa hiyo usiulize kitu kina umri gani. Uliza kinakaa kwa hisani ya nani, na kimebeba nini.

Nimekaa miaka kumi kwenye mfumo mmoja wa zamani. Nimekwisha?

Hapana, ila nijibu hili kwa ukweli: katika miaka hiyo kumi, umepata uzoefu wa miaka kumi au wa mwaka mmoja uliorudiwa mara kumi?

Nimewahi kumsaili jamaa aliyekaa miaka tisa kwenye mfumo mmoja wa malipo. Hakujua zana yoyote iliyokuwa kwenye tangazo letu. Nikamwomba anieleze hitilafu mbaya kuliko zote aliyowahi kuikamata. Alizungumza dakika ishirini kuhusu muamala uliolipwa mara mbili kwa sababu mtandao ulikatika baada ya pesa kutoka na kabla ya jibu kurudi, programu ikadhani imeshindwa, ikajaribu tena. Alieleza jinsi walivyoanza kuupa kila muamala namba yake ya kipekee, ili ombi lile likirudi mara ya pili, seva ijue imeshalifanyia kazi. Tulimchukua. Zana zetu alizizoea kwa miezi miwili. Lile la muamala lingetuchukua miaka kumfundisha mtu, pengine kwa gharama ya muamala wetu wenyewe.

Hatari ya mfumo wa zamani ni kutoonekana, zaidi ya kutojua. Andika ulichokifanya kwa lugha ya matatizo. “Nilitumia toleo fulani la Java” haisemi kitu. “Nilizuia malipo ya mara mbili” inasema.

Matangazo ya kazi yanataka vitu kumi na tano. Nina sita. Niombe?

Omba. Tangazo la kazi mara nyingi huandikwa na watu watatu wasiokutana, kila mmoja akiongeza mstari. Mwaka 2020 Sebastián Ramírez, aliyeitengeneza FastAPI, fremuwaki ya Python, alisimulia kwamba ameona kazi inayodai uzoefu wake wa miaka minne na zaidi. Asingeweza kuomba yeye mwenyewe, alisema, kwa kuwa alikuwa ameiunda mwaka mmoja na nusu tu uliopita.

Soma tangazo kwa kutafuta vitu viwili au vitatu vinavyojirudia kwenye maelezo ya majukumu, pale chini, wala si kwenye orodha ya mahitaji. Hivyo ndivyo utakavyovifanya kila siku. Vingine ni mapambo.

Ni lazima nihamie kila toleo jipya siku linapotoka?

Tenganisha mambo mawili yanayokuja kwenye bahasha moja: viraka vya usalama, na vipengele vipya.

Viraka havisubiri. Desemba 2021 iligundulika kwamba Log4j, maktaba ya Java ya kuandika kumbukumbu za mfumo, ilikuwa ikisoma maneno inayoyaandika na kuyatii. Mtu aliweza kutuma ujumbe wenye anwani ya seva yake, programu ikauweka kwenye kumbukumbu zake kama kawaida, kisha ikaenda kwenye ile anwani, ikachukua kodi ya adui na kuiendesha. Udhaifu huo ulipewa alama 10 kati ya 10 kwa ukali. Wiki ile hakuna aliyeuliza kama tuko tayari kuhama. Waliopata taabu zaidi ni wale ambao hawakujua kama wanaitumia, kwa sababu ililetwa na maktaba nyingine iliyoletwa na maktaba nyingine. Kwenda na wakati, kwa kiasi kikubwa, ni kujua ndani ya nyumba yako mna nini.

Vipengele vipya vinasubiri. Java imekuwa ikitoa toleo kila baada ya miezi sita tangu 2018, lakini kampuni nyingi husimama kwenye yale yanayopewa msaada wa muda mrefu, kama 17 na 21. Hakuna aibu hapo.

Ila kusubiri nako kuna kikomo. Python 3 ilitoka Desemba 2008. Tarehe ya kuizika Python 2 iliwekwa 2015, ikasogezwa hadi 1 Januari 2020 kwa sababu watu hawakuwa wamehama. Nilifanya kazi na timu iliyosubiri hadi Novemba 2019. Tuliandika kodi Jumamosi sita mfululizo, na wengi wetu tulikuwa tumeijua Python 3 kwa miaka. Ujuzi tulikuwa nao; tulichokosa ni mtu wa kumwambia bosi “tuanze sasa” wakati bado kulikuwa na nafasi.

Akili mnemba inaandika kodi. Kuna maana gani ya kujifunza tena?

Tangu Copilot, msaidizi wa kuandika kodi, ilipoonyeshwa Juni 2021 na ChatGPT ikaja 30 Novemba 2022, swali hili limehamia juu kabisa. Natumia zana hizi kila siku, na sitajifanya mtakatifu. Zimenipunguzia hasa kazi ya kukumbuka: mpangilio wa vigezo, jina la amri, namna ya kusoma faili la aina fulani. Yaani zimepunguza thamani ya shati. Ndiyo maana wanaoumia zaidi ni wale waliokuwa wamekusanya mashati.

Wacha nikuonyeshe upande wa pili kwa karibu. Kutafuta namba kwenye orodha iliyopangwa, unaangalia katikati, unatupa nusu isiyohusika, unarudia. Katikati inapatikana hivi:

`katikati = (chini + juu) / 2`

Isome. Ina kosa gani? Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeiandika hivyohivyo, na mwalimu angempa alama zote. Ndivyo ilivyokuwa imeandikwa ndani ya maktaba rasmi ya Java kwa takriban miaka tisa, hadi 2006 Joshua Bloch, aliyeiandika mwenyewe, alipoeleza hadharani kwamba ina hitilafu. Namba kamili ya biti 32 haivuki 2,147,483,647. Chini ikiwa 1,200,000,000 na juu 1,300,000,000, jumla ni 2,500,000,000, haitoshi kwenye kisanduku, inageuka kuwa -1,794,967,296. Nusu yake ni -897,483,648, na programu inaangua kilio ikitafuta kitu kwenye nafasi isiyokuwepo. Dawa ni kuandika:

`katikati = chini + (juu - chini) / 2`

Kihesabu ni kitu kilekile. Kwenye kompyuta, si kilekile.

Zana hizi zinatoa kwa sekunde chache kodi nyingi yenye sura nzuri kama ule mstari wa kwanza. Mtu wa kuuona ule mstari na kusita ni wewe. Ukitaka kujua ujifunze nini miaka hii, jifunze kusita mahali panapostahili: mipaka ya namba, saa na kanda zake, watu wawili wanaogusa rekodi moja kwa wakati mmoja, mtandao unaokatika katikati, maneno kutoka nje yanayoaminiwa bila kukaguliwa. Orodha hiyo haijabadilika sana tangu nianze kazi.

Na tahadhari moja kwa wanaoanza. Iachie mashine ikuandikie kitu ambacho ungeweza kukiandika mwenyewe kwa muda mrefu zaidi. Kitu ambacho usingeweza kabisa, kiandike kwanza kwa mkono, kibaya, halafu ukilinganishe na cha mashine. Ukiruka hatua hiyo utakuwa na programu inayofanya kazi na wewe usiyefanya kazi.

Nimetazama video nyingi za mafunzo, lakini nikifungua kompyuta sikumbuki kitu. Nina tatizo?

Huna. Hermann Ebbinghaus alichapisha mwaka 1885 majaribio aliyojifanyia mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, akaona kwamba sehemu kubwa ya kusahau hutokea mapema kabisa, kisha mwendo unapungua. Video inakupa hisia ya kuelewa kwa kuwa anayeandika anajua mstari unaofuata.

Fanya hivi. Ukimaliza kipande, funga. Kesho yake, bila kufungua tena, jenga kitu kidogo cha kipuuzi kwa kutumia kile ulichokiona: programu ya kuhesabu maneno ya faili, labda. Utakwama dakika ya tatu. Hapo ulipokwama ndipo darasa linapoanzia. Kisha ivunje kwa makusudi, usome ujumbe wa kosa hadi mwisho. Ujumbe wa kosa ni mwalimu ambaye watu wengi wanamtoroka akiwa katikati ya sentensi.

Nitapata wapi muda? Nina watoto, na jioni nimeshachoka.

Jioni si ya kujifunzia. Nasema hivi nikijua kwamba kuna wanaofanya hivyo na wamefika mbali. Wengi wao hawana mtoto wa kumsubiri alale kwanza.

Muda wa kweli uko ndani ya kazi, umejificha kwenye pembe. Hitilafu ikitatuliwa, chukua dakika ishirini zaidi kuuliza kwa nini ile dawa imefanya kazi. Ukinakili suluhisho, lisome mstari kwa mstari kabla ya kulihifadhi. Kodi ya mwenzako inapoletwa kwako uikague, usiandike “sawa” haraka. Ni darasa la bure lililolipiwa mshahara. Na unapopewa kazi, tafuta ile yenye kitu kimoja tu usichokijua. Ikiwa na vitano, itakumeza. Ikiwa haina, utaimaliza ukiwa uleule.

Ukiwa na meneja anayesikiliza, usiombe “muda wa kujifunza.” Hilo kwenye masikio yake ni likizo. Mwambie: nahitaji siku mbili za kujaribu njia hii, na mwisho wake nitakuletea kurasa mbili za kueleza tuitumie au tuiache.

Je, kampuni haipaswi kunilipia mafunzo?

Inapaswa kukulipia kile inachokihitaji. Unachokihitaji wewe ili uondoke siku moja, jilipie. Kuvichanganya hivi viwili ndiko kunakoleta kinyongo pande zote.

Vyeti vinasaidia?

Kufungua mlango, wakati mwingine, hasa kwenye kazi za miundombinu ya wingu na usalama ambako wateja huvitaka kwenye mikataba. Baada ya mlango, hakuna atakayekuuliza tena.

Nimevuka miaka arobaini. Vijana wananipita?

Kwa kukariri amri mpya, ndiyo, watakupita. Waache. Wewe umeshaona jinsi miradi inavyokufa, na mara nyingi haifi kwa sababu ya lugha iliyotumika. Kitu kimoja tu ujichunge nacho: sentensi inayoanza na “sisi zamani tulifanya hivi.” Ikitoka mara mbili kwenye kikao kimoja, nyamaza usikilize. Git, zana ya kutunza historia ya mabadiliko ya kodi, ilipoanza kusambaa baada ya Linus Torvalds kuiandika mwaka 2005, ni watu wa sentensi hiyo waliokuwa wanasema haina maana. Najua, nilikuwa mmoja wao.

Nimechoka kabisa. Kila nikiona jina jipya nahisi kichefuchefu. Huu ni uvivu?

Siuiti uvivu. Mvivu hasikii kichefuchefu, analala.

Angalia kwanza chanzo. Wengi walionijia na hali hii walikuwa wakifuata habari za zana saa zote, kwenye simu, hadi kitandani. Habari hizo huandikwa na watu ambao kazi yao ni kutangaza kilicho kipya. Hakuna anayeandika “leo SQL imeendelea kufanya kazi kama jana.” Zima kwa mwezi mmoja. Nakuhakikishia jambo kubwa kweli litakufikia kupitia mwenzako wa meza ya jirani.

Kama baada ya mwezi bado huwezi kufungua kompyuta bila moyo kwenda mbio, basi hilo limeshatoka kwenye mambo ya programu. Zungumza na daktari au mshauri nasaha, na usisubiri mradi uishe. Mradi hauishi.

Nikiulizwa kitu nisichokijua kwenye usaili?

“Hicho sijakitumia. Nilichowahi kutumia kinachokaribiana nacho ni hiki, na nadhani tofauti itakuwa hapa.” Basi. Nimekaa upande wa kuuliza mara nyingi, na anayekisia kwa sauti huku akionyesha njia ya kukisia kwake hunivutia kuliko anayejua jibu kwa kukariri.

Huo ukurasa wako wa “Sijui, na ni sawa” una nini sasa hivi?

Mistari kumi na mmoja. Kubernetes, zana ya kusimamia programu kwenye seva nyingi: “tuna seva tatu, na mtu mmoja anazijua zote kwa majina.” Rust, lugha ya kuandikia programu: “imeingia kwenye kiini cha Linux tangu toleo la 6.1, Desemba 2022, lakini sisi hatuandiki viini.” Huo nimeuwekea alama ya kuuliza kwa penseli, maana mwezi uliopita kijana mmoja wa timu alinionyesha kitu alichokiandika kwa Rust, na ilibidi nimwombe arudie maelezo mara mbili. Juu kabisa ya ukurasa kuna mstari wa mwaka 2008 unaosema “Git: tuliyonayo inatosha.” Umekatwa kwa kalamu nyekundu, na pembeni kuna tarehe ya 2011.